Chai Iliyokataa Kupoa

Jumatatu, jioni. Upepo umepiga vumbi Nakuru mchana kutwa, macho yananiwasha. Lakini si vumbi peke yake.

Nina miaka sabini na sita. Nimedumu kuliko injini ambazo baba yangu alizipaka grisi alipokuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli. Nimedumu kuliko kiwanda cha kwanza kilichonipa ovaroli, na kile cha pili, na mameneja wote waliosema huyu jamaa hajui kusoma mchoro. Nimemzika mke wangu. Nimewazika mafundi waliokuwa wakinicheka. Nilidhani hakuna kitu kimebaki cha kuniangusha.

Kumbe kilibaki mdomo wangu.

Niwaambie mapema kwamba leo hakuna wa kunisahihishia. Shule niliacha darasa la tatu, na kwenye hii simu nagonga herufi kwa kidole kimoja kama kuku anadonoa mahindi. Aliyenifungulia hii blogu ni binti yangu Nekesa. Alisema, "Baba, hadithi zako za mashine ziandike, watu wapumzishe masikio." Kila nikiandika, yeye hupita nyuma yangu akinyoosha maneno. Leo hatapita. Mkikuta neno limepinda, liacheni hivyo hivyo.

Mnakumbuka ile habari ya glasi ya chai niliyowaandikia juzi juzi? Mkanipigia makofi, mmoja wenu akaniita profesa? Ile habari ilikuwa ya uongo. Kila kitu nilichosema kilitokea, na bado ilikuwa ya uongo.

Wacha nianze vizuri.

Kule Molo kuna wafugaji walioungana wakanunua mashine ya kusaga chakula cha ng'ombe. Si hii ya mkanda mnayoijua ya kusaga unga wa ugali. Hii ni kubwa. Mota inakaa uso kwa uso na kinu, shafti ya mota, ule mhimili wa chuma unaozunguka, inatazama shafti ya kinu, na katikati zinaunganishwa na kaplingi: sahani mbili nene za chuma zinazoshikana kwa pini zilizovishwa raba. Mota ikizunguka, kinu kinazunguka. Sasa kazi yote iko hapo katikati. Hizo shafti mbili lazima zikae mstari mmoja kama zimetoka kwenye chuma kimoja. Moja ikipanda kidogo, au ikiangalia kando kidogo, kila mzunguko zinavutana.

Mota yao iliungua, wakanunua nyingine. Mwenyekiti wao ni Mama Wambui, mama ambaye hapendi maneno mengi. Akaniita mimi. Angeita nani mwingine? Kutoka Gilgil mpaka Rongai, mashine ikitetemeka watu hutaja jina langu kabla hawajataja umeme.

Na njia yangu mnaijua. Wengine wanapima kwa vipimo vya chuma vyembamba kama karatasi. Mimi nalaza ubapa wa msumeno juu ya kaplingi, nafumba jicho moja, natazama kama kuna mwanga unapita chini yake. Hakuna mwanga, kazi imekwisha.

Sasa nitaandika kitu ambacho hata Nekesa hajui. Hilo jicho siku hizi lina ukungu. Mwanga upo na mimi siuoni.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, ilitetemeka mpaka mabati ya paa yakaimba. Mtu mwenye akili angezima, alegeze bolti, apime upya kuanzia mwanzo. Lakini watu walikuwa wamesimama pale na magunia. Wamama walikuwa wameshainjika chai. Sikutaka kuonekana nikianza tena.

Basi sikuinyoosha. Niliinyamazisha.

Nilichomeka bomba kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu, nikakaza bolti za miguu ya mota mpaka chuma kikalia. Nikaagiza saruji, nikamwaga zege kuzunguka bedi yote, kile kitako cha mashine, nikawaambia wasiiguse mpaka ikauke. Niliporudi nilizitoa zile raba laini za kaplingi, nikavisha pini raba ngumu nilizokata kwenye tairi la lori. Nikawasha.

Kimya. Yaani ilinguruma tu kama paka aliyeshiba.

Halafu nikafanya ile desturi yangu ya kukabidhi kazi. Mwenye mashine analeta glasi ya chai ya maziwa imejaa mpaka ukingoni. Naiweka juu ya nyumba ya beringi, kile kifuko cha chuma kinachoshikilia shafti ikizunguka, pale pale karibu na kaplingi, mashine ikiwa inasaga. Tunapiga gumzo. Chai ikimwagika hata tone, narudia kazi. Isipomwagika, nainywa mbele ya watu na mashine imekubalika. Nimekabidhi mashine hivyo tangu wengi wenu hamjaota ndevu.

Haikumwagika. Hata ngozi ya maziwa ilitulia juu kama shuka. Na nilipoinua glasi baada ya gumzo refu, kwenye ile baridi ya Molo ambayo inafanya ugali uwe jiwe ukiwa bado unanawa, chai ilikuwa moto. Ilinichoma ulimi.

Rotich, anayeendesha ile mashine, akapaza sauti: "Mzee, hata chai inakuogopa! Haithubutu kupoa!"

Watu wakacheka, wakapiga picha. Nami nikajifuta mdomo nikasema hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mtu wa kununua spana.

Hiyo ndiyo habari niliyowaandikia.

Baada ya hapo nilikuwa napita Molo mara kwa mara, kuitazama tu kazi yangu na kusifiwa. Siku moja nikaona chini ya kaplingi kuna unga mweusi. Si pumba, si vumbi la mahindi. Nikausugua kati ya vidole. Ulikuwa raba. Nilijua palepale raba haigeuki unga bila kutafunwa, na haitafunwi kama shafti zimekaa sawa. Kichwa changu kilikuwa bado kinatafuta maneno mengine, lakini vidole vilishajua.

Nikachukua fagio, nikafagia.

Rotich alikuwa nje. Hakuna aliyeniona. Nafikiri ningeonwa siku ile, leo nisingekuwa naandika haya.

Haukupita muda, Mama Wambui akaanza kusikia harufu ya kuungua. Hakuniuliza mimi. Alipiga simu kwa ofisi moja hapa Nakuru, ya watu wanaozunguka na vyombo wakikagua mashine. Na ofisi ikamtuma fundi wake. Fundi mwenyewe ni Nekesa.

Ndiyo, binti yangu. Niliyemfundisha kushika spana akiwa hajafika urefu wa meza. Alienda chuo, akapata kazi, ana ovaroli yenye jina lake kifuani. Nimejisifu juu yake kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Nilipopata habari nilipanda gari nikaenda. Nilijiambia nakwenda kumsaidia. Uongo mwingine huo.

Alitoa kidude chake cha kupima mtetemo, chenye sumaku, akakibandika kwenye beringi, mashine ikisaga. Akasoma. Akakibandika mahali pengine, akasoma tena. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake. Hata mimi nambari nazijua. Mtetemo ulikuwa chini.

"Si niliwaambia!" Nikawageukia watu. "Chombo cha bei yote hiyo kimekuja kusema kile glasi yangu ilisema bure!"

Wakacheka. Nekesa hakufunga mkoba. Aliweka kiganja juu ya nyumba ya beringi, akakitoa haraka kama ameshika sufuria.

"Baba," akasema polepole, "mtetemo uko chini, ni kweli. Lakini mashine inaweza kutulia na shafti zikawa hazijakaa sawa. Hii imekabwa. Zege, bolti, hizo raba ngumu. Haina nafasi ya kucheza. Ile nguvu haijatoka, imeingia kwenye beringi."

Nikamwambia nguvu isiyoonekana ni ya mahubiri, si ya mashine.

Akatazama ile glasi. Nilikuwa nimeiweka tena pale juu, kwa maringo.

"Baba, kwa nini chai yako haipoi?"

Miaka yote natazama kama chai inamwagika. Sikuwahi kujiuliza inapata moto wapi. Nilikuwa nimeiweka juu ya beringi inayoungua, nikainywa, nikasifiwa.

Ningenyamaza tu, yangeisha. Lakini nilisema, kwa sauti, watu wote wasikie: "Wewe rudi nyumbani ukapike yako ipoe. Hapa ni kazi ya wanaume."

Mbele ya wamama ambao wamenunua hiyo mashine kwa maziwa ya ng'ombe wao.

Hawakucheka safari hii. Rotich tu ndiye alikohoa. Nekesa alimwomba Mama Wambui mashine izimwe mpaka arudi na chombo cha kupima shafti zenyewe. Kisha akanigeukia. "Haya Baba, tutaonana nyumbani." Kwa heshima kabisa, kama sikuwa nimesema kitu.

Mama Wambui alisimama katikati. Ng'ombe lazima wale, mashine haitetemeki, na mzee mwenye jina anasema iko sawa. Waliendelea kusaga.

Ijumaa, mashine ilikatika.

Beringi ilishikana, shafti ya kinu ikavunjika karibu na kaplingi. Rotich anasema ilikuwa kama risasi. Kipande cha pini kilitoboa bati la ukuta, kimo cha kifua. Yeye alikuwa ameinama akifunga mdomo wa gunia. Nimeliona lile tundu. Mwanga wa jua unapita pale, na huo mwanga hata jicho langu liliuona.

Jumamosi wakaniita kwenye mkutano pale barazani kwa mashine. Mama Wambui akaniuliza mbele ya wote: "Baba Nekesa, nini kimetokea?"

Huko kwetu na kwao pia ndivyo mtu mzima anavyoitwa, kwa jina la mtoto wake. Nimeitwa hivyo tangu mama yake alipojifungua na sijawahi kulisikia hilo jina. Siku hiyo nililisikia.

Na bado nikasema: "Ilikuwa sawa mpaka yule msichana alipoishika na vyombo vyake. Labda alilegeza kitu."

Nilisema hivyo. Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema kitu kingine.

"Nekesa alilegeza?" Mama Wambui akauliza tena.

"Vijana hawa. Wanagusa gusa."

Akapiga simu kwa ile ofisi, palepale, akaweka spika wote wasikie. Mkubwa wao akasema pole, akasema Nekesa ataweka vyombo chini na kukaa nyumbani mpaka jambo lieleweke. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilisubiri Nekesa apige simu anitukane, ingalau nipate la kujibu.

Jioni ujumbe wake ukaingia kutoka huko anakoishi. "Baba umefika salama? Huko Molo kulikuwa na ukungu barabarani."

Ni hayo tu.

Sikujibu. Jana kanisani nilikaa nyuma, mimi ambaye kiti changu cha mbele kinajulikana. Wakasema wenye ushuhuda wasimame. Kila Jumapili huwa nasimama.

Nilikuwa nimeibeba ile kaplingi iliyovunjika, nimewaambia wafugaji nakwenda kuichunguza. Baada ya kanisa niliifungua hapa mezani. Raba zote zimeliwa upande mmoja. Matundu ya pini, ambayo yalikuwa mviringo, yamevutwa yakawa kama yai. Hiyo si kazi ya kuguswa siku moja. Hicho ni chuma kilichosuguana tangu nilipokikabidhi. Mtu yeyote wa mashine akiiona ataisoma bila kwenda shule hata siku moja.

Fikirini watu wawili wamebeba gogo begani, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Ukiwaacha walegee, gogo linayumba, unaona kuna shida. Sasa wafunge kamba viunoni na miguuni wasiyumbe. Gogo litatulia, utasema wanabeba vizuri. Lakini bega la mmoja linachunika na huoni, kwa sababu wewe unatazama gogo.

Mimi nilitazama gogo. Mashine ilipokuwa ikitetemeka ilikuwa inanieleza ukweli, nikaifunga mdomo. Binti yangu naye alipokuja kunieleza, nikataka kumfanyia vile vile.

Leo asubuhi nilitia ile kaplingi kwenye gunia, nikaenda Molo.

Nilikuwa nimejipangia maneno njiani. Nilifika nikaanza vibaya: "Mnajua mimi nimefanya kazi hii tangu..." Mama Wambui akanikata. "Baba Nekesa, hiyo tunaijua. Gunia lina nini?"

Nikamwaga vyuma mezani. Nikamwonyesha Rotich matundu, nikamwambia atie kidole. Akatia, akanitazama. "Mzee, hii si ya juzi."

"Si ya juzi," nikasema. "Ni yangu. Nilipanga vibaya, nikaificha kwa zege. Unga wa raba niliuona nikaufagia. Nekesa hakugusa kitu. Alisema mzime, na mimi ndiye niliwazuia."

Sauti ilinitoka nyembamba, kama si yangu. Sikuwahi kujua nina sauti hiyo.

Mama mmoja nyuma akasema, "Na wewe ni babake!" Hakupaza. Afadhali angepaza.

Mama Wambui hakunifokea. Alisukuma simu mbele yangu. "Mwambie mkubwa wake. Kwa mdomo ule ule." Nikaiambia simu yote niliyowaambia wao, watu wakisikiliza. Yule bwana akauliza, "Mzee, uko tayari kuyarudia mbele yake?" Nikasema niko tayari. Nilisema haraka, kabla sijafikiri.

Mama Wambui akaichukua simu yake. "Tuletee yeye kesho. Sitaki mwingine." Kisha akanigeukia. "Na wewe utakuja, utavunja zege yako mwenyewe. Kupima utamwachia mwenye macho."

Sijui kama alijua kuhusu jicho. Labda wanawake wote wa Molo wanajua.

Rotich aliniletea chai. Sijui alikuwa ananihurumia au ananicheka, na sikuuliza. Nilitazama mahali pa kuiweka, nikaona ile nyumba ya beringi imekaa wazi, haina shafti. Nikaishika mkononi. Ilipoa kama chai ya kila mtu. Nikainywa ikiwa baridi, na maziwa yameganda juu.

Sasa niko nyumbani. Nyundo nimeshaiweka karibu na mlango. Simu haijalia. Ule ujumbe wa Jumamosi bado uko hapa, unaniuliza kama nimefika salama, na nikimaliza kuandika nitaujibu. Sijui nitaandika nini zaidi ya "nimefika". Kesho atakapolaza vyombo vyake juu ya zile shafti na kusoma nambari, nitaweza kukaa bila kusema mimi ningefanyaje?

Zamani nilikuwa nikimaliza habari zangu kwa kusema shahidi ni glasi ya chai. Leo mashahidi ni watu. Muulizeni Mama Wambui wa Molo, alisikia yote mawili, la Jumamosi na la leo. Muulizeni Rotich, awaonyeshe tundu kwenye bati.

Halafu muulizeni Nekesa. Akisema bado kuna kitu nimeficha, mwaminini yeye.